Spidi ya Luka

30 Juni 2024

Kaka Luka,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa jikoni kwa sababu baridi ya mwaka huu haina adabu, inaingia hadi chini ya blanketi. Mama hajambo, kiuno tu kinamsumbua akiinama. Mbuzi mweupe amezaa mapacha, mmoja hakuishi. Kanisani wamebadilisha mwalimu wa kwaya, na mimi nimehamishiwa mstari wa nyuma, jambo ambalo nimelifurahia kuliko walivyotegemea.

Barua hii nampa dada Mwanamvita, yule wa Tunduma anayepeleka kandambili na vitenge Isongole kila gulio. Amesema alikuona ng'ambo ya mto wa mpakani, unachana mbao. Nilimuuliza ukoje, akajibu, "Anakula. Wewe ulitaka aweje?" Simu yako umeizima, na hata ingekuwa inaita unanijua mimi na simu. Nikisikia "haloo" tu, maneno yote yananirudi tumboni.

Mzee Kefa yuko hai. Naandika hili mapema kwa sababu sijui huko umeambiwa nini. Mguu umevunjika mahali pawili, amerudi nyumbani, anakaa barazani ameunyoosha juu ya kigoda. Hajakutaja kwa ubaya. Hajakutaja kabisa.

Mimi siku ile nilikuwa kwenye mashine ya kusaga, kwa hiyo najua yale tu yanayosemwa. Wanasema ulikuja na Fuso ya bosi Aziz kama mtu anayekimbiza mwizi. Bodaboda ikaingia barabarani mbele yako, ukafunga breki, Fuso ikateleza hadi kwenye pikapu ya mzee Kefa iliyokuwa imepaki chini ya mteremko, yeye akiwa ndani. Ikaisukuma mbele. Halafu wewe ukashuka, ukasimama kidogo, ukageuka, ukaondoka kwa miguu kuelekea Isongole bila kusema neno. Trafiki walipofika walikuta magari na watu, dereva hakuna. Wakapima alama za tairi, wakapaka rangi nyeupe kwenye lami. Bosi Aziz anasema ulikuwa zaidi ya themanini mahali pa hamsini.

Mimi siamini. Wewe ndiye uliyeniambia hapa kwetu unapita taratibu kwa sababu kuku wote wa barabarani ni wa Mama.

Kaka, nina swali, ni la kujifunzia tu. Fuso ilikuwa na gunia ngapi siku hiyo?

Mama bado anapakua sahani yako jioni. Akiishaijaza anakumbuka, anairudisha kwenye sufuria.

Mdogo wako,
Tabita

*

11 Julai 2024

Tabita,

Marahaba, msomi wangu. Barua imefika ikinuka kandambili mpya. Mwanamvita alinikabidhi mbele ya watu wote wa mbao, akapiga kelele, "Luka, una barua ya mwanamke!" Sasa wananiita bwana harusi.

Niko salama. Nimepewa chumba nyuma ya duka, kina dirisha moja linalotazama ukuta. Nachana mbao na wenzangu wawili, mmoja hasikii vizuri na mwingine anaongea Kindali cha kasi kiasi kwamba hata Wandali wenzake wanamwambia arudie. Kwa hiyo mchana kutwa nasikia msumeno tu. Si kubaya. Ugali ni ugali.

Nashukuru kwa habari ya mzee Kefa. Nilikaa chini nilipoisoma.

Matokeo yenu ya kidato cha sita yanatoka lini? Usinifiche. Mbuzi aliyebaki mpe jina zuri. Mwambie Mama apake ile dawa ya kiuno, asiiweke kabatini kama pambo.

Luka

*

21 Julai 2024

Kaka Luka,

Shikamoo. Matokeo yametoka. Nimepata divisheni wani, na Fizikia nimepata A. Niliyaona kwenye simu ya mwalimu wa shule ya msingi, nikamshukuru, nikatembea hadi nyumbani peke yangu. Njiani nilitaka kumwambia mtu. Nilikutana na mama yake Osea akanisalimia, nikaitikia, nikapita. Sijui kwa nini niko hivi. Nilimwambia mbuzi. Jina lake ni Restuta.

Mama alichinja kuku. Tulikula wawili, kuku mzima, tukashindwa kummaliza. Aliniambia, "Hongera, mwanangu," kisha akaangalia mlango muda mrefu, kama mtu aliyesikia hodi.

Hukunijibu kuhusu gunia. Basi nimeenda mwenyewe hadi ghalani Mpemba, nikasimama nje mpaka mlinzi akanionea huruma akaniuliza nina shida gani. Zilikuwa gunia sabini. Kwa hiyo Fuso na mzigo wake ni kama tani kumi na mbili, na pikapu ya mzee Kefa pamoja na vitu vilivyokuwemo ni tani moja na nusu.

Nakueleza ninachofanya ili usidhani nacheza. Swali kama hili shuleni tulilifanya mara nyingi, ila vitu vilikuwa matofali na risasi. Linaanzwa mwishoni. Unaanzia pale magari yaliposimama, unarudi nyuma. Kwanza unauliza, yaliteleza umbali gani yakiwa yameng'ang'aniana? Msuguano wa lami ndio uliyasimamisha, kwa hiyo umbali na msuguano vinakuambia yalianza kuteleza kwa kasi gani. Hatua ya pili ni ule mgongano wenyewe. Kabla ya kugonga, momenta, yaani uzito mara kasi, yote ilikuwa ya Fuso, maana pikapu ilikuwa imesimama. Baada ya kugonga, momenta ni ileile, haipotei, ila sasa imebebwa na magari mawili. Hapo unapata kasi ya Fuso wakati wa kugonga. Halafu unarudi nyuma tena kwenye alama za breki, unapata kasi uliyokuwa nayo mguu ulipogusa breki. Hiyo ndiyo spidi yako, kaka. Haihitaji bosi Aziz aiseme.

Bado sijapima alama. Naona aibu kuinama barabarani watu wakiangalia.

Ila kabla sijapima, niambie wewe mwenyewe. Mshale wa spidi ulikuwa wapi?

Tabita

*

4 Agosti 2024

Tabita,

A ya Fizikia! Nimewaonyesha barua wote hapa, hata yule asiyesikia. Alisoma kwa kidole, akanipiga mgongoni mpaka nikakohoa. Wewe ni wa kwanza katika ukoo wetu, jua hilo. Baba angekuwepo angekuvisha shada ukaikimbia sherehe, ungejificha bandani.

Mwezi huu mbao ni nyingi. Jumapili nilienda kanisani, wanaimba nyimbo zetu kwa maneno mengine, nikawa nafungua mdomo tu bila sauti. Nilifikiri, kumbe ndivyo Tabita anavyoimba.

Kuhusu hilo swali lako. Achana nalo. Vitabuni kuna majibu nyuma, barabarani hakuna. Wewe jaza fomu za chuo, angalia mbele.

Mama anaanika wapi mahindi mwaka huu?

Luka

*

29 Agosti 2024

Kaka Luka,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Dada Mwanamvita alipita mara mbili akiuliza kama nina barua, nikamwambia sina, na nilikuwa nayo.

Mama anaanika uani, juu ya turubai la kukodi. Sijui kwa nini umeuliza. Wanawake wote wa huku wanaanika uani mwaka huu, tangu ajali. Nilimsomea Mama mstari huo wa barua yako. Aliinuka akaenda kuangalia moto, na moto ulikuwa unawaka vizuri.

Nilipima alama siku ya gulio, wakati watu wengi hawapo. Niliazima futi ya fundi cherehani, ile ya utepe, ikabidi niihamishe mara nyingi. Tangu alama za breki zinapoanza hadi alama ya mgongano ni mita ishirini. Tangu hapo hadi yaliposimama ni mita kumi na sita. Pale chini ni tambarare, mteremko umeshaisha, kwa hiyo sikuuingiza. Msuguano wa tairi na lami kavu kitabu kinasema ni kama sifuri nukta saba. Nilifanya hesabu mara tatu. Mara ya tatu niliifanya kwa karatasi nyingine na kalamu nyingine, kama vile kosa lingekuwa kwenye kalamu.

Baada ya kugonga, magari yalianza kuteleza kwa mita kumi na tano kwa sekunde. Kwa hiyo Fuso iligonga ikiwa na karibu kumi na saba. Kwa hiyo ulipofunga breki ulikuwa na karibu ishirini na nne. Hiyo ni themanini na sita kwa saa.

Themanini na sita, kaka.

Nilikuwa na uhakika hesabu ingesema bosi Aziz ni mwongo. Nilishajiona nikimpelekea trafiki karatasi. Sasa karatasi iko chini ya godoro na sijamwambia mtu. Mzee Kefa ananisalimia nikipita, na mimi namwitikia nikiangalia mguu wake.

Kama ni kweli, niambie tu. Sitakuchukia. Ila usiniachie namba peke yake.

Tabita

*

8 Septemba 2024

Mdogo wangu Tabita,

Kama namba imesema themanini na sita, basi iwe themanini na sita. Mtu anaweza kuishi na namba. Usihesabu tena.

Nimepata homa kidogo, imepita. Jirani alinichemshia majani fulani machungu kuliko dhambi. Chuo wamekujibu?

Usimuulize Mama kitu. Nakuomba kama kaka yako. Usimuulize.

Luka

*

22 Septemba 2024

Kaka Luka,

Shikamoo, na pole kwa homa. Nimechaguliwa chuo kikuu Dar es Salaam, kusomea ualimu wa Fizikia na Hisabati. Nitaondoka mwanzoni mwa Novemba. Mimi, mwalimu. Mama Osea alicheka akasema, "Wanafunzi watakusikiaje? Labda uwafundishe kwa kuwaandikia barua." Nilicheka pia, kwa sababu nilishawaza hivyo.

Umesema nisimuulize Mama. Sikumuuliza. Lakini kuniandikia hivyo ndiko kulikonipeleka barabarani. Mtu aliyekuwa anakimbia angesema, "Usinihukumu." Wewe ulisema, "Usimuulize Mama." Nikakumbuka na lile swali lako la kuanika.

Nilirudi pale kwenye rangi nyeupe nikapiga magoti. Safari hii sikuangalia kama kuna watu. Lami ina ufa mrefu pembeni. Ndani ya ufa, tangu alama za breki mpaka karibu na pale magari yaliposimama, kuna punje za mahindi zilizosagika zikajibana. Nilizitoa kwa kibanio cha nywele. Nyingi ni nyeupe. Lakini kwenye mita za mwanzo, pale ulipofunga breki, ni nyekundu.

Hapa kijijini mahindi mekundu yanapandwa na nyumba moja. Ni mbegu ya bibi yetu.

Siku ile lami ilikuwa na mahindi. Wanawake wa nyumba nne walikuwa wameanika njia nzima ya kushoto, kama kila Juni, kwa sababu lami inakausha kwa siku mbili kile ambacho uani kinachukua wiki, na kwa sababu barabara hii magari ni machache. Na sote tunajua wanavyofanya gari la trafiki likionekana kule juu. Mtu anapiga mluzi, kila mmoja anachomoka na ufagio na ungo, na gari likifika lami inang'aa kama meza ya mchungaji. Hata siku ile walifagia. Trafiki walipima alama kwenye lami tupu. Mimi pia nilipima kwenye lami tupu. Ile sifuri nukta saba haikuwa ya siku ile.

Basi nilifanya jaribio. Nilichukua kasha la soda, nikapigilia vipande vya tairi chini yake, nikajaza mawe mpaka kilo ishirini. Nikaazima mizani ya ndoano kwa wapimaji wa kahawa. Nikalivuta kasha barabarani taratibu, nikisoma mizani. Kwenye lami tupu ilisoma kilo kumi na nne, ndiyo sifuri nukta saba yenyewe. Halafu nikamwaga debe la mahindi nikavuta juu yake.

Mchana kweupe, kaka. Mimi. Wanawake walitoka nje wote.

"Jamani, njooni muone! Msomi amekuwa ng'ombe!"

"Tabita, unalima lami? Utapanda nini hapo?"

"Ndiyo hiyo divisheni wani? Heri mimi niliyeishia la saba."

Nilikuwa nimeinama masikio yanawaka. Halafu mke wa mzee Kefa, mama Frida, akaona ninachomwaga. Akanyamaza. Mmoja mmoja wakanyamaza wote. Mizani ilisoma kilo sita.

Kilo sita kwa ishirini ni sifuri nukta tatu. Nilirudia hesabu yote hapohapo, nimekaa kwenye kasha. Magari yalianza kuteleza kwa karibu kumi. Uligonga ukiwa na kumi na moja. Ulifunga breki ukiwa na kumi na tano na nusu. Hiyo ni hamsini na sita kwa saa.

Ni sita zaidi ya inavyoruhusiwa. Siwezi kusema huna kosa. Lakini si themanini na sita.

Nilipoinua kichwa Mama alikuwa amesimama mlangoni na ufagio mkononi. Alikuja, akaanza kuyafagia yale mahindi, taratibu, hadi punje ya mwisho. Nikamwambia, "Mama, Luka hakuwa anakimbia. Mahindi yalikuwa chini ya tairi." Nilisema kwa sauti niliyoisikia mwenyewe. Tangu siku hiyo hatuongei zaidi ya "pokea" na "lete." Nyumba imekuwa kubwa.

Kwa nini hukusema, kaka? Ungeweza kusimama pale ukasema neno moja tu, mahindi.

Tabita

*

20 Oktoba 2024

Kaka Luka,

Shikamoo. Hujajibu. Dada Mwanamvita anasema alikupa barua mkononi, ukaisoma umesimama, ukaikunja, ukarudi kwenye msumeno. Alikuuliza kama kuna majibu, ukamwambia, "Siku nyingine." Yamepita magulio manne.

Nakuandikia hivyohivyo, kwa sababu kuna jambo limetokea na ni lako.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, kina mama wa jumuiya walikaa nyumbani kwa mzee Kefa kumwombea mguu. Mimi nilikuwa pembeni nagawa vikombe. Walipomaliza kuomba Mama hakufumbua macho. Akasema, "Nina neno." Akalisema. Kwamba siku ile mahindi yalikuwa barabarani, kwamba ya mwanzo kabisa, yaliyoguswa kwanza na tairi, yalikuwa yake, na kwamba wote walifagia kabla hata vumbi halijatulia.

Mama Osea akasema, "Mama Luka, ukijisema wewe umetusema sote."

Mama akasema, "Nyinyi mna watoto wenu nyumbani."

Mama Frida akaanza kulia. Mahindi yake yalikuwa yanafuata ya Mama, mbele ya pikapu ya mumewe mwenyewe. Miezi yote hii amekuwa akimwosha mguu akijua. Mzee Kefa alikuwa anasikiliza amenyoosha mguu juu ya kigoda. Nilidhani atafoka. Alisema, "Mimi nilikuwa ndani ya pikapu. Nilisikia mafagio. Nilikuwa nalia nisaidiwe na nilisikia mafagio." Hakuna aliyekunywa chai.

Kesho yake Mama alikwenda kituoni Mpemba na kopo la mahindi mekundu, na mama Frida akamfuata, na mimi nyuma na kasha langu. Yule trafiki aliyepima siku ile alikuwepo. Aliniuliza, nikashindwa kuanza. Akasema, "Ongea, binti, mimi sing'ati." Nikaona heri nivute. Nikavuta kasha pale uwanjani, kwanza bila mahindi, halafu na mahindi, yeye mwenyewe akisoma mizani. Akaangalia ile sita muda mrefu. "Hii hesabu tunaijua," alisema. "Tungeambiwa kulikuwa na mahindi tungeipima siku hiyohiyo. Sisi tulikuta lami imefagiwa." Halafu akawageukia kina mama, na hapo sikutamani kuwa wao.

Watalipa faini, wote wanne. Maelezo yameandikwa na kusainiwa. Amesema bado lazima uje mwenyewe, kwa sababu uliondoka eneo la ajali, na hilo ni kosa peke yake, na ile sita pia ipo. Hakusema utasamehewa. Alisema uje tu, useme.

Mimi naondoka Jumamosi, tarehe mbili Novemba. Nilitaka nikukute. Usiku Mama ataanza kuwa peke yake, na hajawahi.

Hapa chini nimemwachia Mama nafasi. Alisema hana mwandiko. Nilimwachia kalamu nikatoka nje.

Tabita

LUKA MWANANGU. MAHINDI YALIKUA YANGU. RUDI NYUMBANI. MAMA

*

24 Novemba 2024

Mdogo wangu Tabita,

Naandika nikiwa nyumbani, kwenye meza yako, imejaa vumbi la chaki. Natumaini chuo kimekupokea na kwamba umepata kitanda cha chini, najua unavyoogopa vya juu.

Nilivuka siku ileile uliyoondoka. Nilisikia magari ya Mpemba yameshapita, nikajua umo ndani ya mojawapo. Nilifika saa sita. Chai uliyobakiza ilikuwa bado mezani.

Nimekwenda kituoni. Leseni wameichukua, kesi itatajwa mwakani. Nimekwenda pia kwa mzee Kefa. Tulikaa barazani, hatukuongea sana. Nikamchania kuni. Kesho nakwenda tena, na kesho kutwa. Anatembea kwa gongo mpaka getini na kurudi.

Mshale ulikuwa hamsini na tano, au zaidi kidogo. Ulikosea labda kwa moja. Nilipoisoma hamsini na sita kule kwenye mbao nilikunja barua kwa sababu macho yalikuwa hayaoni tena.

Uliniuliza kwa nini sikusema. Nakujibu sasa, halafu tusilirudie. Niliposhuka kwenye Fuso, masikio yanalia, mzee Kefa anapiga kelele, nilimtafuta Mama. Nikamwona. Alikuwa ameinama na ufagio, anafagia, anafagia, hakuinua kichwa. Nilisimama nikimsubiri aniangalie. Halafu nikaona bora niondoke. Nikisema mahindi, namsema yeye. Nikinyamaza, nabaki na ule mgongo wake. Niliuchukua nikaenda nao.

Juzi nilimwuliza. Tulikuwa tunapukuchua maharage. Nilisema, "Mama, hukuniona?"

Alipukuchua hadi ganda likaisha. Akasema, "Nilikuona umesimama kwa miguu yako. Mikono ikaenda yenyewe, Luka. Nilikuwa nimeshaanza. Nilipoinua kichwa ulikuwa umeshafika kwenye kona."

Basi. Ndivyo ilivyokuwa.

Mbuzi wako Restuta amekula kamba ya kuanikia nguo. Kasha lako na mawe yake viko chini ya kitanda, sijaruhusu mtu avitoe. Nimewasha simu, namba ni ileile. Ila najua hutapiga, kwa hiyo andika, nitakwenda kuulizia kwenye basi.

Jana jioni Mama alipakua chakula. Sahani tatu. Alizipanga mezani, akatukalisha, akafumba macho kuomba. Alipofumbua aliitazama ile ya tatu. Akainuka nayo, akairudisha kwenye sufuria.

Kaka yako,
Luka